Mtihani wa Kijapani: Kiswahili ni silaha ambayo watahiniwa wengi huisahau

Abiria anayepanda gari aina ya Probox kutoka mjini Machakos kuelekea Kyumvi huenda, pindi dereva anapowasha injini, akasikia sauti nyororo ya mwanamke ikitamka maneno yasiyoeleweka: "ETC kādo ga sōnyū sarete imasen." Wengi wameizoea sauti hiyo kiasi kwamba hawaisikii tena. Maana yake ni kuwa kadi ya ETC, ambayo madereva wa Japani huitumia kulipia ada za barabara kuu, haijaingizwa katika kifaa chake. Gari lilipoabiri meli kuja bandari ya Mombasa, sauti ilikuja nalo, na hakuna aliyejisumbua kuinyamazisha.

Sentensi hiyo fupi ina mafunzo tele kwa yeyote anayejiandaa kwa mtihani wa kupima umilisi wa lugha ya Kijapani. Neno "kādo" ni kadi yetu, lililokopwa kutoka Kiingereza na kuongezwa irabu mwishoni kama tulivyofanya sisi. "Sarete" imebeba kauli ya kutendwa, kazi ile ile inayofanywa na "w" katika neno "haijaingizwa". Nayo "imasen" iliyo mwisho kabisa ndiyo ukanushi. Msikilizaji asiyevumilia hadi mwisho atadhani kadi imo ndani.

Idadi kubwa ya Wakenya wanaojifunza Kijapani hujifunza kwa vitabu vilivyoandikwa kwa Kiingereza, kwa kuwa ndivyo vinavyopatikana. Si kosa. Lakini katika mambo kadhaa ambayo mtihani huu hupenda kuyauliza, Kiingereza ni njia ya mzunguko, ilhali Kiswahili, na hata Kikamba, kingemfikisha mtahiniwa moja kwa moja. Makala haya yanakusudia kueleza mtihani wenyewe ulivyo, nani anapaswa kuufanya katika kiwango kipi, na mahali ambapo lugha zetu zinaweza kumsaidia au kumponza mtahiniwa.

MTIHANI ULIVYO

Kwa Kijapani huitwa Nihongo Nōryoku Shiken, ingawa duniani kote unajulikana kwa kifupisho JLPT. Ulianzishwa mwaka wa 1984, na waandalizi wake ni mashirika mawili, Japan Foundation na Japan Educational Exchanges and Services. Mwaka huo wa kwanza watahiniwa walikuwa takriban 7,000 katika nchi 15. Hadi mwaka wa 2009 ulikuwa na viwango vinne. Tangu mwaka wa 2010 una viwango vitano, N5 kikiwa cha chini na N1 cha juu kabisa; N3 kilibuniwa ili kuziba pengo kubwa lililokuwa likiwakatisha wanafunzi tamaa katikati ya safari.

Nchini Kenya mtihani hufanyiwa jijini Nairobi mwezi wa Desemba, siku ya Jumapili, na Chama cha Walimu wa Kijapani, JALTAK, ndicho kimekuwa kikiusimamia. Zipo nchi ambazo watahiniwa hupata nafasi mbili kwa mwaka, Julai na Desemba. Anayetegemea kituo cha Nairobi na kuikosa Desemba, au akaanguka kwa alama moja, hungoja miezi kumi na miwili. Hilo ndilo jambo la kwanza la kutia akilini kabla ya kununua hata penseli.

Maswali yote ni ya kuchagua jibu kwa kujaza duara katika karatasi maalumu. Hakuna insha, hakuna mahojiano, wala mtahiniwa haombwi kutamka neno lolote. Katika kiwango cha N5 kuna dakika 20 za msamiati, dakika 40 za sarufi na kusoma, na dakika 30 za kusikiliza. N4 ni dakika 25, 55 na 35. Hakuna hata sentensi moja iliyoandikwa kwa herufi za Kirumi. Aliyejifunza miezi minane akisoma "watashi wa" na "arigatō" kwa herufi zetu za kawaida, kama makala haya yanavyoandika kwa sababu ya msomaji, ataufungua mtihani na kuona kuta.

Sasa tuje kwenye alama, kwa maana hapa ndipo machozi mengi hutoka. Jumla ni alama 180. N5 hupitwa kwa 80, N4 kwa 90, N3 kwa 95, N2 kwa 90 na N1 kwa 100. Lakini kufikisha jumla hakutoshi. Katika N5 na N4, sehemu ya maarifa ya lugha pamoja na kusoma ina alama 120 na mtahiniwa hana budi kupata angalau 38. Sehemu ya kusikiliza ina alama 60 na hana budi kupata angalau 19. Tuchukue mfano wa mtahiniwa wa N4 aliyepata 92 katika sehemu ya kwanza na 18 katika kusikiliza. Jumla yake ni 110, alama 20 juu ya kiwango cha kupita. Ameanguka. Mwenzake aliyepata 60 na 30 amepita.

Mfumo huo unamuumiza hasa mwanafunzi wa miji kama Machakos, anayejisomea mwenyewe kitabuni bila mwalimu wala mwenzake wa kuzungumza naye. Macho yake hujua mengi kuliko masikio yake. Akipanga ratiba yake ya wiki bila kuliwazia hilo, atazidi kunoa upande uliokwisha kunoleka.

N5 AU N4?

Wengi huanza kwa kuuliza N5 ni ngumu kiasi gani. Swali la maana zaidi ni cheti kinatafutiwa nini. Mwezi Aprili 2019 Japani ilianzisha aina mpya ya viza kwa wafanyakazi wenye ujuzi maalumu, iitwayo Tokutei Ginō, inayohusu kazi kama vile kuwatunza wazee, kilimo, ujenzi na huduma za hoteli. Sharti la lugha kwa hatua yake ya kwanza ni N4, au kufaulu mtihani mwingine wa Japan Foundation uitwao JFT-Basic unaofanywa kwa kompyuta katika nchi zilizoteuliwa. Juu ya hayo kuna mtihani wa ujuzi wa kazi yenyewe, na katika utunzaji wa wazee kuna mtihani wa ziada wa lugha ya kazi hiyo. Kwa upande wa masomo ya juu yanayofundishwa kwa Kijapani, aghalabu vyuo na waajiri huzungumzia N2 na N1.

Kwa hivyo N5 si tiketi ya ndege. Ni ushahidi kwamba mtu ameanza. Tunalisema hili bila kuidharau N5, kwa kuwa wapo wazazi wanaouza ng'ombe au kukopa chamani ili kumlipa wakala anayeahidi kwamba mwana wao atakwenda Osaka akiwa na cheti cha N5. Mzazi na aulize mambo mawili kabla ya kutoa hata shilingi: je, wakala huyo ana leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na je, viza inayotajwa inaitwaje na inadai kiwango gani cha lugha? Anayejibu kwa kuzungukazunguka amejibu tayari.

Hakuna kanuni inayomlazimu mtu kupita N5 kwanza ndipo afanye N4. Kabla ya mabadiliko ya 2010, waandalizi walitoa makadirio ya wazi: kiwango cha nne, kinachokaribiana na N5 ya sasa, kilihitaji takriban saa 150 za kujifunza, maneno 800 na herufi 100 za kanji, cha tatu, kinachokaribiana na N4, kilihitaji saa 300, maneno 1,500 na kanji 300. Orodha rasmi za maneno hazitolewi tena, ila vipimo hivyo vya zamani bado vinamfaa anayepanga wakati wake. Anayeanza Januari na kusoma saa sita kila wiki kwa wiki 48 atakuwa ametimiza saa 288 Desemba ikibisha hodi. Huyo yuko mlangoni mwa N4. Kwa maoni yetu, ikiwa anatafuta kazi na amezitimiza saa hizo kwa uaminifu, kuketi N5 kwa kuogopa ni kujipotezea mwaka. Ikiwa ameanza Mei, N5 ni chaguo la busara.

FIKIRI KWA KISWAHILI

Na tuanze na sauti. Kijapani kina irabu tano, a, i, u, e, o, na zinatamkwa karibu kama zetu. Silabi zake huishia kwa irabu, isipokuwa ile inayoishia kwa "n". Mwingereza akisoma jina Yokohama au Nagasaki hulipindapinda. Mtoto wa shule ya msingi kule Mumbuni hulisoma sawasawa mara ya kwanza. Herufi za hiragana 46 na za katakana 46 ni silabi, si konsonanti na irabu zilizotenganishwa: ka, ki, ku, ke, ko. Aliyefunzwa kusoma kwa "ba, be, bi, bo, bu" alishaupata msingi wake.

Kinachowashinda wengi katika kusikiliza ni urefu wa irabu. Obasan ni shangazi au mama mdogo, obāsan ni nyanya. Ojisan ni mjomba au baba mdogo, ojīsan ni babu. Vitabu vya Kiingereza hulieleza jambo hili kwa kurasa na kurasa kwa kuwa Kiingereza hakina mazoea hayo. Sisi tunayo: kata na kataa, kufa na kufaa. Hakuna Mswahili anayechanganya "amefaa" na "amefa". Naye msemaji wa Kikamba, ambacho hutofautisha irabu fupi na ndefu kwa umakini mkubwa, ana sikio lililokwisha kufunzwa nyumbani. Anachohitaji ni kuambiwa kwamba sikio lile lile ndilo linalotakiwa hapa. Jambo lililo geni kidogo ni konsonanti ya kushikilia: kite ni "njoo" au "akija", kitte ni stempu. Hiyo ijizoeshe kwa kupiga kofi mahali pa kimya: ki, kofi, te.

Viashiria ndivyo vinavyoonyesha vizuri zaidi hasara ya kupitia Kiingereza. Kijapani kina kore, sore na are. Kiingereza kina maneno mawili tu, la karibu na la mbali, kwa hivyo mwanafunzi hukariri kanuni ndefu kuhusu "sore". Kwetu ni hiki, hicho na kile. Kore ni hiki nilicho nacho mimi; sore ni hicho ulicho nacho wewe, au hicho tulichokwisha kukitaja; are ni kile kilicho mbali nasi sote. Mahali nako ni hivyo hivyo: koko ni hapa, soko ni hapo, asoko ni pale. Katika picha za sehemu ya kusikiliza, muuzaji anaposema "sore" mtahiniwa amtazame msikilizaji, si muuzaji.

Kisha kuna kuhesabu. Wajapani hawasemi "moja" kwa namna moja kwa vitu vyote. Vitu virefu na vyembamba, kama penseli na chupa, huhesabiwa kwa hon. Vitu bapa, kama karatasi, tiketi na mashati, kwa mai. Vitabu kwa satsu. Mashine na magari kwa dai. Wanyama wadogo kwa hiki. Watu kwa nin, isipokuwa mmoja, hitori, na wawili, futari. Wanafunzi hulalamika kwamba ni uchawi. Lakini ni nani anayelalamika? Ni mtu anayesema mtu mmoja, kitabu kimoja, gari moja, ufunguo mmoja, bila kufikiri, kwa kuwa ngeli alizinyonya pamoja na maziwa. Hata mabadiliko ya sauti, ippon, nihon, sanbon, hayapaswi kumshangaza anayesema viti viwili lakini nyumba mbili. Kanuni si zile zile, ila tabia ya lugha ni moja: nambari hukitazama kitu kabla ya kuvaa nguo.

Vivyo hivyo kwa majina ya jamaa. Mama yangu ninapomtaja kwa mgeni ni haha; mama yako wewe ni okāsan. Baba yangu ni chichi, wako ni otōsan. Mkamba anayesema "mwaitu" kwa mamake mwenyewe na "inyia" kwa mama wa mwingine, "nau" kwa babake na "ithe" kwa baba wa mwingine, hana haja ya kuelezwa kwa nini maneno ni mawili. Akumbuke tu ni lipi la nyumbani na lipi la ugenini.

Na majibu ya maswali ya kukanusha? Mtu akiulizwa "Hukwenda jana?" naye hakwenda, kwa Kiswahili anaweza kujibu, "Ndiyo, sikwenda." Kwa Kijapani: "Hai, ikimasen deshita." Shuleni Kiingereza kilitufunza kusema "la" mahali hapo, na katika maswali ya majibu ya haraka, ambapo sauti hutolewa mara moja tu na chaguo hazijaandikwa popote, aliyezoea Kiingereza husitasita. Kadhalika "Tabemasen ka" si swali la kutaka kujua bali ni karibisho, kama mwenyeji anayemwuliza mgeni, "Hutakunywa chai?"

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo lugha hizi hugeuziana mgongo, na mtahiniwa asipokuwa macho ataumia. Kitenzi cha Kiswahili hubeba ukanushi kichwani: siendi, hatukula, haijafika. Kitenzi cha Kijapani huubeba mkiani, tena kitenzi chenyewe hukaa mwisho wa sentensi. "Nichiyōbi wa ame deshita kara, kōen e ikimasen deshita." Jumapili, mvua, bustani, kwenda, na mwisho kabisa ndipo tunapojulishwa kwamba hawakwenda. Watunzi wa mtihani wanaijua tabia hii na huitega. Usijaze duara kabla ya kusikia silabi ya mwisho.

Swali la nyota katika sarufi nalo hupima mpangilio huo. Mtahiniwa hupewa vipande vinne vya sentensi vilivyochanganywa, na nafasi moja ina alama ya nyota; anatakiwa kusema ni kipande kipi kinachokaa penye nyota. Tuseme sentensi inaanza "Ashita" na kuishia "ikimasu", na vipande ni "to", "Nairobi", "tomodachi" na "e", nyota ikiwa nafasi ya tatu. Vijineno vya Kijapani hufuata nomino, havitangulii. Kwa hivyo ni "tomodachi to Nairobi e": pamoja na rafiki, kwenda Nairobi. Nyota ni Nairobi. Anayetafsiri kutoka lugha yoyote yetu, ambapo "na" na "kwa" hutangulia, atakosea asipoviandika pembeni kwanza.

Mtego mkubwa kuliko yote ni saa. Sisi huanza kuhesabu asubuhi jua linapochomoza. Wajapani wa leo hufuata saa ya kimataifa. Shichi-ji ni saa moja, ku-ji ni saa tatu, jū-ji han ni saa nne u nusu. Mtahiniwa anayefikiri kwa Kiswahili, kama tulivyomshauri, husikia "shichi", saba, na mkono ukamkimbilia kwenye saa saba. Hapa, na hapa pekee, aiweke lugha yake kando: asitafsiri, autazame uso wa saa katika picha na kuufuata mshale ulivyo. Maswali ya saa, siku na tarehe ni chakula cha kila siku katika N5. Tarehe zenyewe zina ukaidi wao: tarehe nne ni yokka, tarehe nane ni yōka, na ishirini ni hatsuka bila kufanana na chochote.

Maneno ya mkopo ni zawadi kwetu. Hoteru ni hoteli, basu ni basi, takushī ni teksi, kamera ni kamera, shatsu ni shati, kōto ni koti, sukāto ni sketi. Hata Wareno waliofika pwani yetu na kutuachia meza waliwaachia Wajapani pan, yaani mkate. Ila wachache ni marafiki wa uongo. Baiku ni pikipiki. Baiskeli ni jitensha. Sutōbu si jiko la kupikia bali ni kifaa cha kupasha chumba joto, jambo ambalo mkazi wa Machakos anaweza kulielewa Julai peke yake.

Kuhusu kanji, Kiswahili hakina msaada wa kutoa, ni bidii tu. Mtihani hautaki uziandike, bali uzitambue. Hata hivyo kuandika kwa mkono ndiko kunakozitia kichwani. Ya mlima, yama, ina vilele vitatu na anayeitazama milima ya Iveti kila asubuhi haisahau. Za kuogopa ni zile pacha: ya mtu na ya kuingia hutofautiana kwa mstari mmoja kuegemea huku au kule, na katika katakana, shi na tsu zimewatoa jasho watu wazima.

VIFAA NA SAFARI

Vifaa vingi vizuri havilipiwi. Tovuti rasmi ya JLPT ina maswali ya mfano na vitabu vya mazoezi vilivyotolewa mwaka wa 2012 na 2018, pamoja na sauti zake. Mtu anaweza kuvipakua mara moja kwenye duka la intaneti mjini na kuvitia katika simu bila kuendelea kula bando. Japan Foundation hutoa bure kitabu cha Irodori, na mtandao wake wa Minato una kozi za kujisomea. Kitabu cha Minna no Nihongo, ambacho walimu wengi hukitumia, ni cha kununua. Idhaa ya Kiswahili ya NHK World, ambayo wasikilizaji wa redio wanaijua kwa miongo mingi, imekuwa na masomo mepesi ya Kijapani yanayoelezwa kwa Kiswahili. Ni ajabu jinsi yanavyotajwa kwa nadra miongoni mwa wanafunzi wetu. Si Wakenya tu wanaozipitisha lugha hizi mbili mkabala: katika Chuo Kikuu cha Osaka, vijana wa Kijapani husomea shahada wakiwa na Kiswahili kama somo lao kuu, na wao ngeli huwatoa jasho.

Sauti za mazoezi zichezwe mara moja tu, kama siku ya mtihani, kisha majibu yasahihishwe, ndipo zirudiwe hadi kila neno lieleweke. Anayezirudia kabla ya kujibu anajidanganya. Na ingawa mtihani hauna sehemu ya kuzungumza, asome kwa sauti. Mwajiri atakayemhoji hatampa chaguo nne.

Usajili hufungwa miezi kadhaa kabla ya Desemba, na ukifungwa umefungwa. Siku yenyewe, kutoka Machakos hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 60, na Jumapili asubuhi matatu hungoja kujaa. Foleni ya Mlolongo haimjui mtahiniwa. Mwenye jamaa Nairobi, Athi River au hata Kitengela na alale huko Jumamosi. Abebe hati ya mtahiniwa, kitambulisho, penseli za HB, kifutio na saa ya kawaida ya mkononi, kwa kuwa simu haiwezi kutumiwa kama saa. Wasimamizi wa mtihani huu hutumia kadi ya manjano kwa onyo na nyekundu kwa kumfukuza mtu, kama refa uwanjani, na simu inayolia ni miongoni mwa makosa yanayoharibu kazi ya mwaka mzima. Izimwe kabisa, kuinyamazisha hakutoshi, kwani kengele ya kuamsha huweza kulia hata hivyo.

Ndani ya chumba, katika sehemu ya kusoma, asigande kwenye swali moja. Ajaze kila duara, hata kwa kubahatisha, kabla ya dakika ya mwisho. Katika kusikiliza, swali likimpita aliache liende. Anayelilia la tatu hulikosa na la nne.

Matokeo ya Desemba aghalabu hutolewa mtandaoni mwishoni mwa Januari, na cheti hufuata baadaye kupitia kwa waandalizi wa hapa nchini. Cheti hakina tarehe ya kuisha, ingawa baadhi ya waajiri hupendelea cha hivi karibuni. Aliyeanguka asiitupe karatasi ya alama. Mbali na alama za kila sehemu, ina herufi za A, B na C kwa msamiati, sarufi na kusoma. A ni kwa aliyejibu sawasawa asilimia 67 au zaidi ya maswali, B ni kati ya 34 na 66, na C ni chini ya 34. Mwenye A katika msamiati na C katika sarufi ameonyeshwa mahali pa kuanzia Februari, akiwa na miezi kumi mbele yake.